Majina Yetu, Mishipa ya Nani?

Ukipatwa na dengi leo, iwe Mombasa, Manila au Miami, daktari atakuandikia jina ambalo wasomi wengi wanaamini lilitoka vinywani mwa Waswahili. Kamusi zetu zinauita ugonjwa huo kidingapopo. Karne ya 19 watu wa Zanzibar walisema kidinga pepo, yaani mkakamao wa ghafla unaoletwa na pepo. Asubuhi uko sawa, adhuhuri umekakamaa, viungo vinauma kana kwamba umepigwa rungu, na hakuna mtu aliyekugusa. Utamlaumu nani kama si pepo?

Aliyeliweka jina hilo kwenye maandishi ya kitabibu ni James Christie, daktari aliyefanya kazi Zanzibar enzi hizo. Mwaka 1870 ugonjwa ulilipuka kisiwani, na 1872 Christie akachapisha maelezo yake katika jarida la madaktari la Uingereza. Wazee wa mjini walikuwa wameshamweleza kwamba huo haukuwa ugeni: waliuona kitambo, mnamo 1823 hivi, na jina lake walilijua. Miaka michache baada ya 1823, yaani 1827 na 1828, ugonjwa unaofanana na huo ulienea visiwa vya Karibiani, na huko Cuba ukaitwa dengue. Hoja ni kwamba neno lilivuka bahari pamoja na watu, wengi wao wakiwa wamefungwa minyororo kwenye meli za watumwa, na Wahispania wakalitamka walivyoweza.

Kuna utata kidogo hapa. Wataalamu wengi wa leo wakisoma dalili za 1870, hasa yale maumivu ya viungo yasiyoisha, wanasema pengine ile haikuwa dengi bali chikungunya. Na chikungunya nalo ni jina la kwetu, la Kimakonde, kutokana na mlipuko wa 1952 kusini mwa Tanganyika. Maana yake ni kile kinachomkunja mtu. Kwa hiyo huenda jina la Kiswahili lilisafiri, likabandikwa ugonjwa wa jirani, na ule wenyewe ukarudi kubatizwa upya na Wamakonde.

Endelea na orodha. O'nyong'nyong ni neno la Kiacholi, la mlipuko wa 1959 Uganda. Zika ni msitu karibu na Entebbe, ambako virusi vilipatikana mwaka 1947. West Nile ni sehemu ya Uganda, na virusi vyake vilitambuliwa 1937. Homa ya Bonde la Ufa ilielezwa kwa mara ya kwanza na wataalamu waliokuwa wakifuatilia vifo vya kondoo karibu na Naivasha, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Bana, ramani ya virusi vya mbu inasomeka kama ratiba ya mabasi ya Afrika Mashariki.

Basi majina ni yetu. Lakini ili kuelewa virusi hivi vinafanya nini ndani ya mwili, sayansi ilihitaji kitu kingine: mishipa ya damu ya binadamu, hai, iliyo nje ya binadamu. Hiyo haikuoteshwa Zanzibar wala Entebbe. Ilioteshwa New York, Berkeley, Brisbane, Vienna. Stori ya jinsi ilivyooteshwa ni nzuri, na imeokoa muda na pengine maisha. Ina pengo pia, na pengo hilo linatuhusu.

Kwanza tuelewe dengi huua vipi. Ukisikia "homa ya kuvuja damu" unawaza mtu anayetoka damu puani na kwenye fizi. Hiyo hutokea. Lakini kwa wengi wanaozidiwa, shida kubwa si damu kutoka nje. Ni maji ya damu, plazima, kupenya ukuta wa mishipa na kwenda kujaa tumboni na kuzunguka mapafu.

Ukikulia Pwani unajua kifumbu, kile kichujio cha kusukwa cha kukamulia nazi. Tui linapita, machicha yanabaki. Mishipa ya mgonjwa wa dengi kali inageuka kifumbu: plazima inapita, seli nyekundu zinabaki. Damu inakuwa nzito, presha inashuka, figo na ubongo vinakosa damu ya kutosha. Na hapa ndipo watu wananaswa, kwa sababu uvujaji huo huanza homa inaposhuka, kati ya siku ya 3 na ya 7 tangu uanze kuugua. Umeguswa paji la uso, umepoa, nyumba nzima inashukuru Mungu. Kumbe ndio hatari inaingia.

Dunia ililiona hili waziwazi miaka ya 1950. Virusi vyenyewe vilikuwa vimeshapatikana: Ren Kimura na Susumu Hotta walivitenga Japani mwaka 1943, na Albert Sabin wa Marekani akafuata 1944 akiwa na shida ya wanajeshi waliokuwa wakiugua Pasifiki. Wakati huo dengi ilijulikana kama homa ya kutesa, si ya kuua. Halafu mwaka 1953 na 1954 watoto wa Manila wakaanza kuingia hospitalini na mshtuko wa presha. Mwaka 1956 aina ya tatu na ya nne ya virusi vya dengi zikatambuliwa hukohuko Manila. Mwaka 1958 ikawa zamu ya Bangkok.

Bangkok ndiko mambo mawili makubwa yalikojulikana. La kwanza, daktari Mmarekani Scott Halstead aligundua kwamba wengi waliozidiwa walikuwa wanaugua dengi kwa mara ya pili, kwa aina tofauti na ya kwanza. Kingamwili zilizobaki kutoka mara ya kwanza, badala ya kuzuia, zilikuwa kama zinavifungulia virusi mlango wa kuingia kwenye seli. La pili lilitoka kwa madaktari wa watoto wa Thailand, akiwemo Suchitra Nimmannitya. Walijifunza kupima uzito wa damu mara kwa mara, kutambua saa ambayo mishipa inaanza kuvuja, na kutoa maji kwa dripu kwa kipimo: yasipungue mgonjwa akaingia kwenye mshtuko, yasizidi akazama kwa maji yanayomwagika mapafuni. Shirika la Afya Duniani linasema dengi kali isiyotibiwa inaweza kuua zaidi ya 20% ya wagonjwa, na uangalizi mzuri hushusha vifo hadi chini ya 1%. Hakuna dawa ya ajabu hapo. Ni dripu, kipimo cha damu na jicho lisilolala.

Lakini swali lilibaki: ukuta wa mshipa unavuja kwa nini?

Mwaka 1967 wataalamu wa Thailand walichapisha matokeo ya uchunguzi wa maiti 100 za waliofariki kwa homa hiyo. Ungetarajia mishipa iliyochanika. Hawakuiona hivyo. Maji yalikuwa yamejaa mahali pasipofaa, damu imevilia huku na kule, lakini kuta zenyewe hazikuwa na uharibifu mkubwa wa kueleza kifo. Na waliopona walipona haraka: uvujaji hudumu siku moja au mbili, halafu mishipa inajifunga kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukuta uliobomoka haujijengi kwa siku mbili. Kwa hiyo ukuta haukubomolewa. Ulifunguliwa. Nani aliufungua, na kwa ufunguo gani?

Maiti haiwezi kukuonyesha mlango ukifunguka. Panya naye alikataa kusaidia. Ndani ya seli za binadamu, virusi vya dengi huharibu protini iitwayo STAT2, ambayo ni sehemu ya king'ora cha mwili. STAT2 ya panya haiharibiki, hivyo panya wa kawaida anavifukuza virusi na kuendelea na shughuli zake. Ili augue, watafiti humnyang'anya sehemu ya kinga yake kwanza. Sasa ukimnyang'anya mnyama kinga, halafu ukauliza kinga ina mchango gani katika kuvujisha mishipa, utapata jibu la aina gani? Ilibidi mshipa wa mtu uwekwe mezani.

Kuotesha sehemu za mwili nje ya mwili si jambo la juzi. Mwaka 1907 Ross Harrison, huko Marekani, alichukua kipande cha neva ya kiluwiluwi cha chura, akakiweka ndani ya tone la maji ya limfu, akakitazama kikirefuka. Mwaka 1912 Alexis Carrel, Mfaransa aliyekuwa New York, alianza kukuza seli kutoka moyo wa kifaranga, na ikatangazwa kwamba haziwezi kufa. Ziliendelea kulishwa hadi 1946, miaka miwili baada ya Carrel mwenyewe kufariki. Ilikuwa habari tamu, na haikuwa sahihi: mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu hugawanyika mara 50 hivi, kisha zinachoka.

Zisizochoka ni za saratani. Mwaka 1951 madaktari wa Johns Hopkins, Baltimore, walichukua seli za uvimbe wa Henrietta Lacks, mama Mwafrika Mmarekani, bila kumuuliza. Alifariki mwaka uleule. Seli zake, HeLa, zilienea duniani kote na kusaidia utafiti wa chanjo ya polio na mengine mengi, huku familia yake ikikaa miaka zaidi ya 20 bila kujua. Mwaka 2023 warithi wake walifikia makubaliano na kampuni moja iliyokuwa ikizitumia kibiashara. Weka jina hilo akilini, tutalirudia.

Seli za ndani ya mishipa zilikuwa ngumu zaidi kuotesha. Ukuta wa ndani wa kila mshipa, kutoka moyoni hadi kidoleni, una tabaka moja tu la seli bapa zinazoitwa endotheli. Tabaka hilo moja ndilo linaloamua nini kitoke kwenye damu na nini kibaki. Ukilikwangua linaharibika, ukichelewa linakufa. Utalitoa wapi likiwa zima?

Jibu lilipatikana wodi ya wazazi. Mwaka 1973 Eric Jaffe na wenzake wa chuo cha tiba cha Cornell, New York, walichapisha njia ya kuzipata seli hizo kwenye vitovu vya watoto waliozaliwa. Ndani ya kitovu mna mishipa mitatu, ateri mbili na vena moja, na hiyo vena ni pana kiasi cha kuingizwa mrija. Waliisafisha damu, wakaijaza kimeng'enya kinacholegeza gundi kati ya seli na ukuta, wakabana ncha zote mbili, wakasubiri kidogo, wakakusanya kilichotoka. Kwenye kisahani seli zilikua na kupangika kama kabro za barabarani, kila moja imeshikana na jirani. Ili kuthibitisha kwamba kweli ni endotheli, walionyesha zina vile vijifuko ambavyo seli hizo peke yake huwa navyo, na kwamba zinatengeneza protini ya kugandisha damu ambayo hutoka mishipani.

Kwetu kitovu kina heshima yake. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki kitovu cha mtoto huzikwa, na ukitaka kujua kwao mtu ni wapi unauliza kitovu chake kimezikwa wapi. Hospitalini New York, 1973, kitovu kilikuwa taka. Ndani ya taka hiyo kulikuwa na mshipa mzima, mchanga, usio na ugonjwa, na kila siku vinapatikana vingine. Leo seli za kitovu, ambazo watu wa maabara huziita HUVEC, zinauzwa zikiwa zimegandishwa kwenye vichupa vidogo, na sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu mishipa ya binadamu imepitia kwake.

Sasa mlango ungeweza kutazamwa. Kuna jaribio moja rahisi kuelewa. Unaotesha endotheli juu ya kichujio chembamba hadi zikae kabro kwa kabro, halafu unapitisha umeme mdogo sana kutoka upande mmoja hadi mwingine. Seli zikiwa zimeshikana, umeme unapita kwa shida. Zikiachana, unapita kiulaini. Kwa hiyo unaweza kukaa na saa na kupima mshipa ukianza kuvuja bila kumgusa mtu yeyote.

Kwa miaka mingi mshukiwa mkuu alikuwa kinga yenyewe. Kwamba virusi vinaushtua mwili, mwili unamwaga kemikali nyingi za vita, na kemikali hizo zinalegeza mishipa. Hilo ni kweli na bado linakubalika. Lakini mwaka 2015 makundi mawili yalichapisha matokeo katika jarida moja na kuongeza mshukiwa. Kundi la Paul Young lilikuwa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia. La Eva Harris lilikuwa Berkeley, Marekani. Harris ni mtafiti ambaye kwa miaka mingi amefanya kazi ya dengi bega kwa bega na wanasayansi wa Nicaragua. Wote walimnyooshea kidole NS1.

NS1 ni protini ambayo seli iliyoambukizwa huitema kwenye damu. Si kirusi, haina uwezo wa kuambukiza. Ni kama kelele inayotoka kwenye kiwanda. Walipoimwaga juu ya endotheli za binadamu, bila kirusi hata kimoja, usugu wa umeme ulishuka. Tabaka lilianza kuvuja. Panya waliodungwa NS1 mishipa yao ilivuja, na panya waliochanjwa dhidi ya NS1 walikingika. Mwaka uliofuata kundi la Berkeley lilionyesha namna mojawapo inavyofanya kazi. Juu ya endotheli kuna utando wa sukari, mithili ya plasta juu ya ukuta. NS1 inaziamsha seli zitoe vimeng'enya vyao wenyewe, na vimeng'enya hivyo vinauparura utando huo. Yaani mlango unafunguliwa na mwenye nyumba kwa sababu kuna mtu nje amebisha vizuri.

Hapo fumbo la maiti za Bangkok likaanza kueleweka. Seli hazikuuawa. Zilidanganywa, zikafungua, na udanganyifu ulipokwisha zikafunga.

Mwaka 2019 timu hiyohiyo ya Berkeley ilifanya kitu ambacho panya asingekiweza. Walichukua endotheli za binadamu kutoka sehemu tofauti: mapafu, ngozi, ini, ubongo, kitovu. Wakazimwagia NS1 za virusi tofauti vya ukoo mmoja. Ya dengi ilivujisha zote. Ya West Nile, virusi vinavyoshambulia ubongo, ilivujisha za ubongo. Ya homa ya manjano ilivujisha za ini na mapafu. Na ya Zika, ambayo mwaka 2015 na 2016 ilitikisa Brazil kwa watoto kuzaliwa na vichwa vidogo, ilivujisha za ubongo na za kitovu. Kila protini ilionekana kujua mtaa wake. Miaka miwili baadaye, 2021, kingamwili zilizotengenezwa maabara zikaonyesha kwamba NS1 inaweza kuzuiwa, na kwamba ufunguo mmoja unaweza kufunga zaidi ya virusi kimoja katika ukoo huo. Hiyo bado ni kazi ya maabara na panya. Hadi leo hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kupambana na virusi vya dengi.

Lakini tabaka bapa kwenye kisahani si mshipa. Mshipa ni bomba, damu inapita ndani yake, na endotheli huhisi mkondo huo na kubadilika kulingana nao. Kisahani kimetulia kama bwawa.

Ndipo wahandisi wakaingia. Mwaka 2010 Dan Huh na Donald Ingber wa Harvard walichapisha chipu ya mapafu: kipande cha plastiki angavu, laini, kisichozidi kidole gumba, chenye mifereji miwili iliyotenganishwa na utando wenye matundu. Upande mmoja seli za mapafu na hewa, upande wa pili endotheli na kiowevu kinachotiririka, na pampu ikiuvuta utando mithili ya kifua kinachopumua. Mwaka 2020 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walitumia wazo kama hilo kwa Ebola. Walikuza vimishipa ndani ya chipu, wakapitisha maganda ya Ebola yasiyo na vinasaba ndani, yaani sura ya kirusi bila uwezo wa kuzaliana. Vimishipa vilivuja. Kwa maganda hayo hawakuhitaji ile maabara ya ulinzi wa juu kabisa, na waliweza kujaribu vitu vya kuziba uvujaji.

Njia nyingine ilitoka kwenye seli shina. Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha, mwaka 2006 kwa panya na 2007 kwa binadamu, kwamba seli ya ngozi ya mtu mzima inaweza kurudishwa utotoni, halafu ikaelekezwa iwe seli nyingine. Mwaka 2019 Reiner Wimmer na Josef Penninger, Vienna, waliziongoza seli za namna hiyo zikajijenga zenyewe kuwa mtandao wa vimishipa vya pande zote, si tabaka tena. Viliitwa organoidi za mishipa. Mwaka mmoja baadaye ikaja korona. Madaktari walikuwa wanaona damu ikiganda ovyo kwenye mishipa ya wagonjwa, na kundi la Penninger lilikuwa na mishipa mezani tayari. Mwezi Aprili 2020 walionyesha kwamba virusi vya korona vinaweza kuambukiza organoidi hizo, na kwamba kipande cha kipokezi bandia kinaweza kupunguza maambukizi. Iwapo ndani ya mwili wa mtu virusi hivyo huingia mishipani kwa wingi, au ni kinga iliyopandwa na hasira ndiyo inayoharibu zaidi, wataalamu bado wanabishana. Kilicho kwenye kisahani kinaweza kutokea. Hakimaanishi ndicho kilichotokea.

Hata hivyo dunia imeanza kuziamini zana hizi. Desemba 2022 Marekani ilibadilisha sheria yake ili dawa isilazimike kupitia kwa wanyama kabla ya kujaribiwa kwa watu. Tishu za maabara na chipu zinaweza kutoa ushahidi. Na hapa ndipo swali la kichwa cha insha hii linapoacha kuwa la maneno. Kama dawa zitakuwa zinajaribiwa kwenye mishipa iliyooteshwa, basi mishipa hiyo ni ya nani?

Sehemu kubwa ya seli shina zilizohifadhiwa kwenye mabenki ya maabara zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Unaweza kusema seli ni seli. Kwa dengi, historia inasema subiri kidogo. Mwaka 1981 Cuba, kisiwa kilekile kilicholitamka neno letu dengue, kilipata mlipuko wa aina ya pili ya virusi: wagonjwa takriban 344,000, vifo 158. Madaktari wa Cuba waligundua kwamba dengi kali iliwapata zaidi Wacuba weupe kuliko weusi, ingawa mbu walikuwa walewale. Mwaka 2017 utafiti wa vinasaba ulioangalia Wacuba ulihusisha tofauti hiyo na jeni mbili kutoka upande wa ukoo wa Kiafrika. Je, kuna kitu kwenye mishipa au kinga ya watu wenye asili ya Afrika kinachozuia mlango kufunguka? Ama huku Afrika dengi kali ipo na haihesabiwi tu? Hayo mawili yanahitaji majibu tofauti kabisa. La kwanza haliwezi kujibiwa kwa seli ambazo hazikutoka kwetu.

La pili linajibiwa zahanati. Mwaka 1982 dengi ilithibitishwa Malindi na maeneo ya pwani. Mwaka 2011 ikalipuka Mandera. Mwaka 2013 ikawa Mombasa, na 2014 Dar es Salaam, kisha Dar tena 2019. Katikati ya miaka hiyo, ukiingia kemisti na homa na kichwa kinachopasuka, wa kwanza kushukiwa ni malaria. Kipimo cha haraka cha dengi kipo, na mara nyingi mstari unaouona kwenye kile kijiti katika siku za mwanzo ni wa NS1, protini ileile inayobisha mlango. Ukiwa na homa ya dengi, paracetamol ni sawa. Aspirini na ibuprofeni ni za kuepukwa kwa sababu zinaongeza hatari ya kutokwa damu. Na homa ikishuka huku tumbo linauma sana, unatapika bila kukoma, au unalegea, rudi hospitali siku hiyohiyo. Maneno haya mawili matatu yalilipiwa na watoto wa Manila na Bangkok. Si ya kuachwa kwenye vitabu.

Tunao watu na taasisi. Taasisi ya virusi ya Entebbe ilianza 1936, na ndiyo iliyoipa dunia majina West Nile na Zika. KEMRI ipo tangu 1979. Kwa karibu karne moja eneo hili limekuwa likichangia mbu, damu ya wagonjwa na majina. Kuotesha endotheli kutoka kwenye kitovu ni ufundi wa 1973. Kinachohitajika ni vimeng'enya, jokofu lisilozimika, mtu aliyefunzwa, na bajeti inayodumu zaidi ya mradi wa miaka miwili.

Na kinahitajika kitu kimoja ambacho New York ya 1973 haikulazimika kukiwaza sana, na Baltimore ya 1951 haikukiwaza kabisa. Usiku huu, katika wodi za wazazi za Malindi, Mandera na Mombasa, vitovu vinakatwa. Vingine vitachomwa pamoja na taka za hospitali, vingine vitafungwa kwenye kitambaa na nyanya atavipeleka nyumbani kuzika. Mama mwenye kitovu anaweza kuambiwa, kwa Kiswahili anachokielewa, kwamba ndani ya kile kipande kuna mshipa, kwamba mshipa huo unaweza kutusaidia kujua dengi inafanya nini kwa watu wa hapa, na kwamba ana ruhusa ya kukataa. Wako watakaokataa, na kitovu kitazikwa. Wako watakaosema chukueni.